Kura ya mbunge wa jimbo inaanzia kwenye kituo cha kujiandikisha

Tarehe 20 Desemba 2023, mchaguzi wa Bukavu, wa Kindu ao wa Bunia aliyesimama mbele ya mashine ya kupigia kura aliombwa kuchagua mara nne: raisi wa Jamhuri, mbunge wa kitaifa, mbunge wa jimbo, na mshauri wa komine. Wa vijijini walichagua mara tatu, maana washauri wa komine walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Jina la raisi, wengi walikuwa nalo kichwani tangu nyumbani. La mbunge wa kitaifa, walikuwa wamelisikia kwenye vipaza sauti muda wa mwezi mzima. Lakini walipofika kwenye chaguo la tatu, wako waliogusa picha ya mtu wanayemjua kwa sura tu, na wako waliobonyeza namba waliyopewa barabarani pamoja na kofia.

Hapo ndipo mchaguzi wa Kongo anapoteza nguvu nyingi bila kujua. Huyo mbunge wa jimbo ndiye anayetuchagulia liwali.

Katiba ya Februari 2006 inasema wazi, katika kifungu cha 198: liwali na makamu wake wanachaguliwa na wabunge wa jimbo kwa muhula wa miaka 5, nao wanaweza kurudi mara moja tu. Hakuna raia anayepiga kura ya liwali moja kwa moja. Ni hivyo pia kwa maseneta: kila jimbo linatuma 4 Kinshasa, na mji wa Kinshasa wenyewe unatoa 8, wote wakichaguliwa na wabunge wa jimbo. Bunge hilo ndilo linapitisha bajeti ya jimbo, ndilo linatunga sheria za jimbo, na ndilo linaweza kumuangusha liwali kama amekosa imani yake. Na kazi za jimbo si ndogo. Kifungu cha 204 kinataja kati yazo biashara ndogo ndogo ya mpakani. Mama anayevuka Ruzizi ya kwanza kila asubuhi na beseni la nyanya, ao yule anayepita Kavimvira kwenda Bujumbura, mambo yake yanazungumzwa kwanza katika bunge la jimbo kabla ya kufika kwa raisi.

Labda tumesahau kura hiyo kwa sababu tulikaa muda mrefu bila kuipiga. Wabunge wa jimbo wa kwanza chini ya katiba hii walichaguliwa tarehe 29 Oktoba 2006, siku moja na duru ya pili ya uchaguzi wa raisi. Mwaka wa 2011 inchi ilichagua raisi na wabunge wa kitaifa tu. Wale wa majimbo waliachwa. Mwaka wa 2015 majimbo 11 yakagawanywa yakawa 26, na bado watu ni wale wale waliochaguliwa mwaka wa 2006. Ni tarehe 30 Desemba 2018 ndipo raia walirudishwa mbele ya chaguo hilo. Miaka 12. Mtoto aliyezaliwa siku ya kura ya kwanza alikuwa anamaliza shule ya msingi.

Kwa hiyo tuanze pale mambo yanapoanza, yaani kwenye kituo cha kujiandikisha.

Wengi wanaenda kujiandikisha kwa sababu ya kadi yenyewe, si kwa sababu ya kura. Tusiwacheke. Inchi yetu imekaa miaka na miaka bila kadi ya utambulisho wa raia, na kadi ya mchaguzi ndiyo inayoshika nafasi hiyo kwa muda. Ndiyo unaonyesha kwenye kizuizi cha barabara, ndiyo unatoa unaponunua laini ya simu ao unapofungua akaunti ya benki. Kijana asiyekuwa nayo anajua namna safari ya kutoka Uvira hadi Baraka inaweza kuwa ndefu. Kadi ya kweli ya utambulisho ilizinduliwa katikati ya mwaka wa 2023, lakini haijafika mikononi mwa raia wa kawaida.

Kuna jambo ambalo halielezwi vya kutosha. Jina lako kwenye daftari linafanya kazi hata kabla hujapiga kura. Tume ya uchaguzi, CENI, ikimaliza kuandikisha, hesabu ya walioandikishwa ndiyo inatumiwa kugawa viti: wilaya hii itakuwa na wabunge wangapi, mji ule wangapi. Sheria ya kugawa viti ya Juni 2023 ilipitishwa namna hiyo, kwa kufuata hesabu ya wachaguzi na si hesabu ya watu wote wanaoishi mahali, kwa kuwa sensa ya mwisho ya inchi yetu ni ya mwaka wa 1984. Maana yake, wilaya ambamo watu hawakujiandikisha, kwa uvivu, kwa woga ao kwa vita, inaweza kupunguziwa viti. Yule anayesema “mimi sitapiga kura, basi sina haja ya kwenda” anawapunguzia uzito hata majirani watakaoenda.

Namna ya kujiandikisha si ngumu kwa maandishi. Uwe Mkongomani, uwe na miaka 18, ao uwe utaitimiza kabla ya siku ya kura. Hilo la mwisho vijana wengi hawalijui: wakati wa kuandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa 2023, mwenye miaka 17 ambaye angefikisha 18 mbele ya tarehe 20 Desemba alikuwa na haki ya kupokelewa. Wanajeshi na polisi hawajiandikishi wala hawapigi kura, ni sheria. Vile vile mtu ambaye korti imemnyima haki zake za kiraia kwa hukumu isiyoweza tena kurudiliwa.

Unaenda katika kituo cha mahali unapoishi, wewe mwenyewe, kwa sababu wanachukua picha yako na alama za vidole. Unabeba karatasi inayoonyesha wewe ni nani: kadi ya zamani ya uchaguzi, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, leseni ya kuendesha gari, kadi ya kazi, hata kadi ya mwanafunzi. Na asiye na karatasi yoyote? Huyo si mtu wa ajabu kwetu. Ni nusu ya kijiji, nyumba zikishachomwa ao zikishakimbiwa usiku. Sheria inamkubalia kuleta mashahidi, watu ambao wamejiandikisha kwenye kituo hicho hicho na wanaoishi pale tangu miaka, waseme mbele ya ofisi ya kituo kwamba wanamjua. Basi ni vizuri kuongea nao mapema, na wao waandikwe kwanza. Ukifika peke yako ukitumaini shefu wa mtaa atakutetea, unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kazi hiyo yote ni ya bure. Anayekuomba franka ili akusogeze mbele katika mstari anakuibia. Usijaribu pia kujiandikisha mara mbili, hapa kwa jina la baba na kule kwa jina la babu: alama za vidole zinalinganishwa Kinshasa, na ni kosa la kuadhibiwa na sheria. Kabla ya uchaguzi wa 2018 mamilioni ya majina yalifutwa kwenye daftari kwa sababu ya aina hiyo.

Kadi unaipewa papo hapo. Iangalie kabla hujatoka: jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la kituo. Kadi za mwaka wa 2023 zilileta taabu nyingine ambayo kila mtu anaikumbuka. Maandishi yalifutika. Baada ya miezi michache sura ilikuwa kivuli, jina halisomeki, na karibu na uchaguzi watu walipanga mistari mirefu mbele ya ofisi za CENI kuomba kadi nyingine. Ukiona yako inaanza kufifia, nenda mapema, usingoje wiki ya mwisho. Andika mahali namba ya kadi na jina la kituo, ao ipige picha na simu ungali unaisoma.

Kutoka milioni 25 na zaidi waliojiandikisha kwa uchaguzi wa 2006, inchi ilifika milioni 32 mwaka wa 2011, milioni 40 na zaidi mwaka wa 2018, na karibu milioni 44 mwaka wa 2023. Kwa macho ya mtu wa mbali, hesabu inapanda vizuri. Ukiwa mashariki, unaangalia nani hayumo.

Kwa uchaguzi wa 2018, CENI ilitangaza siku chache tu mbele ya kura kwamba Beni, mji na wilaya, pamoja na Butembo, na Yumbi kule magharibi, hawatapiga kura siku moja na wengine. Sababu zilizotolewa kwa Beni na Butembo ni Ebola na usalama. Zaidi ya wachaguzi milioni moja waliachwa. Walikuwa wamejiandikisha, kadi walikuwa nazo mfukoni. Tarehe 30 Desemba, vijana wa Beni walipanga mistari, wakanawa mikono kama Ebola inavyodai, wakapiga kura ya mfano iliyoandaliwa na wao wenyewe, ili dunia ione kwamba inawezekana. Waliitwa kupiga kura ya kweli tarehe 31 Machi 2019, kuchagua wabunge. Raisi alikuwa ameshaapa tangu tarehe 24 Januari.

Mwaka wa 2023 ilikuwa zamu ya Masisi na Rutshuru, na Kwamouth katika Mai-Ndombe. Uandikishaji ulianza magharibi tarehe 24 Desemba 2022, ukaenda Katanga na Kasai Januari, ukafika kwetu, Kivu mbili, Ituri, Maniema na Tshopo, tarehe 16 Februari 2023. Wakati huo M23 walikuwa wamekwisha kushika Bunagana tangu Juni 2022 na walikuwa wanaendelea kusonga. Mashine za kuandikisha hazikuweza kufanya kazi kama inavyotakiwa katika wilaya hizo mbili, na kura haikupigwa kule. Watu wa Masisi waliokimbilia kambi za pembeni ya Goma walisikia mizinga upande mmoja na nyimbo za kampeni upande mwingine. Hawakuchagua mbunge wa kuwasemea, wala kitaifa wala jimboni.

Tangu hapo Goma na Bukavu zenyewe zimetoka mikononi mwa serikali, Januari na Februari 2025. Muhula wa waliochaguliwa 2023 ni miaka 5. Swali la nani ataandikisha wachaguzi katika Kivu, wapi, na kwa usalama gani, si la kungojea mwaka wa mwisho. Mkimbizi wa ndani anajiandikisha wapi: pale alipo leo, ao pale shamba lake lilipo? Akijiandikisha kambini, anaongeza uzito wa mji unaompokea na kupunguza ule wa kijiji chake. Akingoja kurudi, anaweza kupoteza vyote viwili. Wabunge wanaopenda kuzungumza juu ya kubadilisha sheria ya uchaguzi wangefanya vema kuanzia hapo.

Na waliovuka mpaka? Mwaka wa 2023, kwa mara ya kwanza, Wakongomani wa inchi za nje walipiga kura, lakini katika inchi 5 tu: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani, na kwa raisi peke yake. Ndugu zetu wa Nakivale kule Uganda, wa Bujumbura ao wa Nairobi hawakuwamo. Kwa kura ya jimbo, aliye inje hana nafasi hata kidogo.

Tuseme sasa kadi unayo na siku imefika. Kabla ya siku hiyo, pita kwenye shule ao jengo utakapopigia kura, tafuta jina lako kwenye orodha iliyobandikwa na uandike namba ya chumba. Katika shule moja kunaweza kuwa vyumba vingi, na kukosea mstari ni kupoteza nusu ya siku. Vyumba vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyekuwa tayari katika mstari saa hiyo anabaki na haki yake, hata giza likiingia. Mwaka wa 2023 mashine na karatasi zilichelewa sana mahali pengi, kura ikaendelea siku ya pili, na kwingine siku zaidi. Beba maji na chakula kidogo.

Ndani, unaonyesha kadi, unaenda kwenye mashine. Kioo kinaleta wagombea: unagusa namba ao picha, mashine inakuuliza kama ni huyo kweli, unakubali, inaendelea na chaguo linalofuata. Mwishoni inatoa karatasi. Isome. Mashine haikuhesabii kura kwa sheria. Karatasi ndiyo kura, nayo unaikunja na kuitia wewe mwenyewe katika sanduku. Kisha kidole kinawekwa wino. Mzee asiyeona vizuri, ao mtu asiyejua kusoma, anaruhusiwa kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, mradi huyo naye ni mchaguzi. Mtoto wako ao mjukuu wako ni bora kuliko kijana mkarimu usiyemjua aliyesimama pale na jezi ya chama chini ya koti.

Kwa chaguo la jimbo, kuna hesabu moja ya kuijua mbeleni, la sivyo utabaki kushangaa siku ya matokeo. Kura yako inamwendea mtu, lakini inahesabiwa pia kwa orodha ya chama chake ao muungano wake. Ili orodha iingie katika kugawana viti vya bunge la jimbo, inapaswa kupata angalau asilimia 3 ya kura zote halali za jimbo zima. Tuchukue mfano wa kubuni: baba mmoja anapendwa sana Walungu, anakuwa wa kwanza kwa kura pale kwake. Lakini chama chake katika Kivu ya Kusini yote kimekusanya asilimia 2. Anakaa nyumbani, na kiti kinaenda kwa mtu aliyepata kura chache kuliko yeye. Katika mwaka wa 2018 na 2023 wengi waliliita jambo hilo wizi. Wizi ulikuwapo, kweli: mnamo Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, mashine zilizokutwa majumbani na mambo mengine. Lakini asilimia 3 si wizi, ni sheria, nzuri ao mbaya. Muulize mgombea wako: uko kwenye orodha gani, na orodha hiyo ina nguvu katika wilaya ngapi?

Jioni, kura zinahesabiwa palepale mbele ya mashahidi wa vyama na watazamaji, na karatasi ya matokeo inabandikwa inje ya chumba. Kila raia ana haki ya kuisoma. Simu yenye kamera inatosha kuichukua, na ndiyo silaha ya kwanza ya mtu atakayepinga matokeo, kwani mambo ya wabunge wa jimbo yanapelekwa kwenye korti ya rufaa, na korti haisikilizi kelele za barabarani, inataka karatasi.

Baada ya hapo, kazi inatoka mikononi mwako na kwenda kwa watu wachache. Bunge la jimbo lina wabunge makumi machache tu. Kumnunua mchaguzi mmoja mmoja wa jimbo zima ni gharama. Kuwanunua watu 20 ao 25 katika hoteli ni rahisi zaidi. Si sisi tunaosema kwanza: Machi 2019, baada ya kura ya maseneta, Raisi Félix Tshisekedi alisimamisha kwa muda kuapishwa kwao na kusogeza mbele uchaguzi wa maliwali kwa sababu ya tuhuma za rushwa. Kwa hiyo mgombea wa jimbo anayekugawia unga na vitenge, fikiria ametoa wapi pesa na atazirudisha namna gani. Siku ya kuchagua liwali iko karibu sana na siku yako.

Mwisho wa Aprili 2024, wabunge wa majimbo mengi walichagua maliwali wao, Kivu ya Kusini na Maniema zikiwamo. Kivu ya Kaskazini na Ituri hapana. Tangu Mei 2021 majimbo hayo mawili yako chini ya utawala wa kijeshi, ule tunaouita etat de siège, na liwali ni jenerali anayeteuliwa na raisi. Wachaguzi wa Beni, wa Lubero, wa Mahagi na wa Aru walisimama katika mistari ile ile ya Desemba 2023 kama wa Kindu, wakaweka kidole katika wino ule ule, wakachagua wabunge wa jimbo.